Kilichomo Ukutani ni cha Nani?

Mwezi Juni Tabora ina baridi yake. Mji uko juu ya uwanda, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua zikishakatika anga linabaki tupu. Mchana jua linawaka kama kawaida, lakini alfajiri maji ya bombani yanauma vidole. Anayeoga saa kumi na moja ili awahi zamu ananielewa. Ndiyo maana neno hita, ambalo zamani lilikuwa la wenye hoteli na gesti, limeingia midomoni mwa madalali: "Chumba masta, sebule, jiko, tailizi, maji ndani, hita ipo." Dalali akifika hapo, bei imeshapanda.

Ugomvi ninaouleta ulitokana na maneno hayo mawili ya mwisho. Hita ilikuwepo kweli, kwa wiki saba. Wiki ya nane ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikazima, na sakiti breka ikaanguka nayo. Nyumba iko Ipuli, ina milango minne ya wapangaji. Mpangaji wa mlango wa pili ni muuguzi mwenye mtoto wa miezi minane. Mwenye nyumba ni mama wa makamo anayekaa Ng'ambo, katika nyumba ya korido aliyoachiwa na wazazi wake. Simu zilipigwa, picha zikatumwa, majibu yakawa "nitamtuma mtu," na baada ya wiki tatu wakakubaliana kukutana barazani kwa mama, Jumapili jioni. Nilikuwepo kwa sababu kahawa yangu ya jioni nainywa pale. Majina yao nayaacha. Nafasi ya kila mmoja katika shauri hili inatosha kumtambulisha.

MPANGAJI: Shikamoo mama. Sikuja kugombana. Nilipangishwa nyumba yenye hita. Kodi laki moja na nusu kwa mwezi, nimelipa ya miezi sita, laki tisa mkononi, na dalali nikampa ya mwezi mmoja. Nyumba ya jirani, vyumba vilevile ila haina hita, ni laki na ishirini. Kwa hiyo hita naikodi elfu thelathini kila mwezi. Sasa ni wiki ya tatu naikodi ikiwa imekufa, na mtoto namchemshia maji kwenye sufuria, mkaa juu yangu.

MAMA: Marahaba mwanangu. Hesabu yako nimeisikia, na mimi nisikilize. Hita ile niliinunua mpya, kwenye boksi lake. Ulipoingia tuliiwasha pamoja, maji yakatoka ya moto, ukacheka ukasema asante mama. Ukikodi baiskeli ya mtu, mpira ukapasuka wewe ukiwa juu yake, utamrudishia na pancha yake? Unaziba. Mtu mzima anaziba.

MPANGAJI: Pancha naziba, mama. Je, ikikatika fremu?

Nilipenda swali hilo, na baraza zima lililipenda, maana Tabora baiskeli hazihitaji kuelezewa. Jioni ile yote watu wakawa wanasema "hiyo ni pancha" au "hiyo ni fremu," na hadi leo sijapata njia iliyo nyepesi zaidi ya kuieleza sheria ya upangaji.

Mzee aliyekuwa pembeni, mstaafu wa reli, akaweka kikombe chini.

MZEE: Mimi niliingia karakana ya reli hapa Tabora nikiwa kijana, enzi za Reli za Afrika Mashariki, kabla mambo hayajavunjika mwaka 1977 tukawa Shirika la Reli Tanzania. Boila nalijua. Kwenye gari la moshi hakuna kosa linalozidi kuacha moto uwake maji yakiwa yamepungua. Mtia moto jicho lake halitoki kwenye kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya dari ya tanuri, pale juu kuna kizibo chenye risasi. Kinayeyuka, mvuke unamwagikia moto. Hicho ndicho kinachokuokoa boila lisipasuke. Lakini kizibo kikishayeyuka, haitwi aliyelitengeneza boila. Anaitwa mtia moto aeleze. Sasa binti yangu, siku hita inaungua, maji yalikuwa na nguvu?

MPANGAJI: Asubuhi ile yalikuwa yanatoka membamba, mzee. Sitasema uongo.

MAMA: Mnasikia! Amesema kwa kinywa chake.

Huyu binti angeweza kusema maji yalikuwa yanarusha hadi dari, na hakuna aliyekuwepo kumpinga. Ukweli wake ulimgharimu papo hapo, na ndio ulionifanya niandike kisa hiki. Aliyemjibia alikuwa fundi umeme, kijana aliyeitwa na mpangaji siku moja kabla.

FUNDI: Mzee wangu, kwa boila umesema sawa, ila hita hii imetengenezwa tofauti. Ni ile ya kufunga juu ya bomba la kuogea. Ndani ya kichwa chake kuna mpira mwembamba kama ngozi ya ngoma. Maji yakija na nguvu yanausukuma, nao unagusanisha umeme, elementi inawaka. Maji yakiwa dhaifu mpira hausogei, na hita haiwaki. Utaoga baridi, basi. Inaungua kavukavu pale mpira unapochoka au unaponasa kwa mchanga. Jana nimeifungua. Mpira ni mzima, msafi. Elementi imekatika, kweli, lakini hiyo ni spea ya elfu kumi na tano. Kilichounguza ni hiki.

Akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake kipande cha waya kisichozidi urefu wa kiganja. Plastiki yake, iliyokuwa ya kahawia, ilikuwa imevimba na kupasuka kama ngozi ya muhogo wa kuchoma. Shaba ya ndani ilikuwa nyeusi. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka na kushikana na konekta, hata usingeweza kusema waya unaishia wapi na konekta inaanzia wapi. Kipande kikapita mikono yote. Mama alikishika kwa ncha za vidole, akakinusa, akakirudisha.

FUNDI: Hita ina wati 5,500. Kwa volti 230 zetu inavuta ampia karibu 24. Waya huu ni wa milimita 1.5 za mraba, waya wa taa. Hita hiyo inataka waya wa nne, na breka yake peke yake. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo kila asubuhi unapata joto ndani ya ukuta. Leo plastiki inalainika, kesho inakauka, keshokutwa inapasuka. Kudumu wiki saba ni bahati. Na mama, uniwie radhi, waya wa ethi sikuuona.

MPANGAJI: Hakuna ethi? Mle ndani namwogesha mtoto.

FUNDI: Ndiyo maana nilikuzimia pale kwenye meni na kukukataza usiwashe.

Hapa kahawa ilipoa. Mpaka dakika ile tulikuwa tunazungumzia maji ya moto, starehe ya elfu thelathini, kitu ambacho nusu ya mji inaishi bila kukiwaza. Tangu fundi alipotamka neno ethi, tulikuwa tunazungumzia bafu lenye maji sakafuni, chuma ukutani, na mama aliyembeba mtoto mikononi. Waya wa ethi kazi yake ni moja: umeme ukitoroka na kugusa bati au bomba, uupeleke ardhini badala ya kupitia mwilini mwa mtu. Usipokuwepo, mwili ndio unaokuwa njia.

MAMA: Haiwezekani. Waya nilinunua mwenyewe, dukani, wa nne, roli zima. Risiti ninayo ndani.

FUNDI: Risiti yako sikatai, mama. Ila ukutani kilichopo ni hiki.

Msaidizi wa kisheria wa kata naye alikuwa amekaribishwa. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na pale mtaani huitwa hata kwenye kesi za kuku. Alikuwa amenyamaza muda wote.

MSAIDIZI: Niseme sheria kwanza, kisha niseme inapoishia. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo watu wengi wanadhani mpangaji hana sheria kabisa. Si kweli. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ina kifungu cha 88. Kinahesabu kwamba kila anayepangisha ameahidi mambo fulani, hata kama hayakuandikwa. Nyumba au chumba kiwe kinafaa kuishi binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na jengo likipangishwa kwa vipande, kama la Ipuli, paa, kuta kuu, mifereji na mitambo ya pamoja viwe katika hali nzuri, na hilo ni la mwenye jengo. Kifungu kinachofuata kinambana mpangaji: alipe kodi kwa wakati, atunze alichokabidhiwa, akirudishe kilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida.

MAMA: Inafaa kuishi binadamu. Mwanangu, nyumba hii tuliyokaa haina hita. Nimezaliwa humu, nimelelewa humu, na ndugu zangu saba. Hatukuwa binadamu?

MSAIDIZI: Hapo ndipo sheria yetu inapoishia, mama, na umeigusa vizuri. Haikutaja maji ya moto. Uingereza sheria yao ya 1985, kifungu cha 11, inataja waziwazi kwamba mtambo wa kupasha maji ni wa mwenye nyumba kuutengeneza. Kwao baridi ni kali na jambo hilo wamelimaliza. Kwetu ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai hita tu, mwenye nyumba atasema maneno uliyosema wewe, na sijui nani atashinda. Lakini ukienda kudai waya usio na ethi ndani ya ukuta wa bafu, hiyo ni kesi nyingine. Nyumba inayoweza kumuua mtu anapooga haifai kuishi binadamu, iwe Ulaya, iwe Ipuli.

Naongeza la kwangu: hata kwenye hita yenyewe namtetea mpangaji, kwa hesabu ile aliyoanza nayo. Dalali aliiuza. Bei ilipandishwa kwa ajili yake. Ukitoza kodi kwa kitu, umeahidi kitu hicho.

MZEE: Sheria nimezisikia. Lakini mbona zamani hatukuzihitaji? Hapa Unyanyembe watu wamekaa kwenye nyumba zisizo zao tangu enzi za misafara. Nendeni Kwihara mkalione tembe. Stanley alipokuja mwaka 1871 alipewa tembe pale na Waarabu wenyeji wake, na Livingstone akakaa humo mwaka 1872, Machi mpaka Agosti, anasubiri wapagazi watumwe kutoka pwani. Na paa la tembe ni udongo. Kila kabla ya mvua za Novemba lazima likandikwe upya, la sivyo linavuja na majani yanaota juu. Nani alikandika? Waliomo ndani. Hawakungoja mwenye nyumba atoke Unguja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

MPANGAJI: Mzee, jembe nitalishika. Lakini mgeni hakulipa laki tisa mlangoni.

Watu walicheka, mzee naye akacheka. Ila alikuwa amegusa jambo zito, na nyumba tuliyokuwa tumekalia baraza yake ilikuwa shahidi. Nyumba ya korido, hii ya ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kukiwa na jiko, bafu na choo, ilipanda bara pamoja na watu wa pwani katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji. Tabora yenyewe ni mtoto wa njia hiyo. Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, walikuwa na siku 134 tangu waondoke pwani, na walikuta mji wa wafanyabiashara wenye matembe makubwa, unaojua kupokea watu. Ukitembea leo Ng'ambo kisha ukapanda treni hadi Kigoma na kusogea Ujiji, ni nyumba zilezile, baraza zilezile, miembe ileile ya vivuli vikubwa.

Nyumba hiyo inafaa sana kupangisha. Chumba kimoja anakaa mwenye nyumba, vitano vinaleta kodi. Maji yanachotwa uani pamoja, bafu ni moja, na bati likivuja ukumbini linamlowesha kila mtu. Tunailaumu kwa kelele na foleni ya choo, na lawama hizo ni za haki. Ila ina sifa moja, ambayo mama mwenyewe aliitaja bila kukusudia.

MAMA: Mimi si mtu wa kuacha vitu vikiharibika. Waulizeni wapangaji wangu wa humu ndani. Mwezi wa pili mlango wa bafu ulingʼoka bawaba. Jioni hiyohiyo fundi seremala alikuwa hapo. Mwezi wa nne bomba la uani lilikatika, sikulala.

MPANGAJI: Kwa nini hukulala, mama?

MAMA: Ningelalaje? Bafu lenyewe ndilo ninalooga.

Kimya. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi. Alijifunga vizuri kanga, akaangalia barabarani.

MPANGAJI: Na la Ipuli, mara ya mwisho uliingia lini?

MAMA: Siku ile niliyokukabidhi funguo.

Sisemi kwamba mama huyu ana roho mbaya. Ni mtu yuleyule mmoja, na pesa zilezile. Kwa bawaba ya Ng'ambo alimwita fundi siku hiyohiyo, kwa waya wa Ipuli alipitisha wiki tatu, na kati ya nyumba hizo mbili hakuna hata nusu saa kwa bodaboda. Kilichotofautiana ni kwamba ubovu wa Ng'ambo unamgusa mwilini, ule wa Ipuli unamfikia kwenye simu. Sasa fikiria mwenye nyumba anayekaa Dar es Salaam au Mwanza, kodi inaingia kwa simu, na katikati yuko kijana wa kukusanya ambaye hana ruhusa ya kununua hata balbu. Nyumba za aina hiyo zinaongezeka Tabora. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika mjini kwa bomba la kutoka Solwa kupitia Nzega, baada ya miaka mingi ya kutegemea bwawa la Igombe, watu walipata moyo wa kujenga mabafu ya ndani. Nafurahi. Lakini kila bafu la ndani limejengwa mbali na mwili wa mwenyewe.

MAMA: Basi nami niseme yangu, maana naona nimekuwa mkosaji peke yangu. Nyumba ile ni kiinua mgongo cha marehemu mume wangu. Niliijenga miaka tisa, tofali kwa tofali. Mpangaji wangu wa kwanza aliondoka usiku, miezi minne hajalipa, na koki za jikoni amezing'oa. Wa pili aliziba sinki kwa mafuta ya kukaangia. Mnataka kodi ya mwezi mmoja mmoja, mimi naipata wapi pesa ya kutengeneza kama nyie mnatoroka? Miezi sita ndiyo kinga yangu. Na umeme huo huo mnaougombania, hita zinaumaliza kisha mnanipigia mimi simu kwamba LUKU imeisha.

FUNDI: Kwenye umeme yuko sahihi kidogo. Hita hiyo ukioga dakika kumi, imekula karibu uniti nzima.

MPANGAJI: Na mita ni moja kwa milango minne, mama. Nyumba ya familia moja isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inapata bei ile nafuu, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo. Sisi tukijumlishwa wanne tunavuka, tunalipa zaidi ya 350 ukijumlisha tozo. Na kodi ya jengo, ya jengo lako, inakatwa humohumo kwenye LUKU tunayonunua sisi. Mwaka 2021 ilianza kwa elfu moja kwa mwezi, 2023 ikawa elfu moja na mia tano. Kuna mlango hata mmoja umewahi kukudai irudi?

MAMA: Hilo sikulijua.

MPANGAJI: Tunajua hukulijua.

Kuhusu kodi ya miezi sita, nasimama waziwazi upande wa mpangaji, ingawa uchungu wa mama nauelewa. Mpangaji akishalipa miezi sita amebaki na kitu gani mkononi? Hawezi kuzuia kodi, ameshaitoa. Hawezi kuhama, pesa yake imelala mle. Anabaki na simu ya kuomba. Msaidizi wa kisheria alisema kwamba Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu tena. Suluhu ikishindikana shauri linapanda Baraza la Wilaya. Mtu anayefanya zamu za usiku atapanda ngazi hizo kwa ajili ya elementi ya elfu kumi na tano? Atanunua mwenyewe na kunung'unika, na waya wa 1.5 utabaki ukutani ukimngoja anayefuata.

Aliyenishangaza katika hili ni mzee wa reli. Nilidhani atamtetea mama mpaka mwisho.

MZEE: Babu wa baba yangu alibeba mizigo hadi pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kilo thelathini na kitu, na watu walipigania kumwajiri kwa sababu alijua kazi. Lakini nakwambia shemeji, hakuna tajiri aliyetoa ujira wote Bagamoyo kabla mzigo haujainuliwa. Alitoa sehemu, nyingine ikangoja mwisho wa safari. Aliyetoa yote aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala na watu hawapo. Sasa wewe umeshapokea ujira wote. Binti amebaki na mzigo.

MAMA: Mimi ndiye mpagazi niliyetoroka?

MZEE: Hujatoroka, shemeji. Umekaa Ng'ambo.

Mazungumzo yaliendelea mpaka adhana ya isha. Walipatana kwa shida, na mengine hawakupatana. Balbu, mpira wa koki, sinki kuziba, kitasa alichokivunja mwenyewe: hayo ni ya mpangaji, na alikubali bila kusita. Nyaya za ukutani, bomba la ndani ya zege, paa, tanki na mita: ya mama. Elementi ya hita ilibishaniwa nusu saa. Fundi alitaka iwe ya mpangaji ikikatika yenyewe, kwa sababu ni kitu kinachokwisha kwa kutumiwa kama balbu. Mpangaji akasema sawa, lakini hii haikukatika yenyewe. Mama akakubali hii, zijazo si zake. Miezi sita ikagoma kushuka hadi mmoja. Ikashuka hadi mitatu, kuanzia mkataba ujao. Msaidizi aliyaandika yote kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa shule, wakatia sahihi, na kila mmoja akaipiga picha kwa simu yake. Pesa za hita kwa wiki zile tatu hazikuafikiwa. Mpaka naandika hazijaafikiwa.

Jumatatu asubuhi nilipanda bodaboda nyuma ya ile ya mama hadi Ipuli. Fundi alikuwa ameshafika, amezima meni, na tindo na nyundo vimeanza kazi. Vumbi la saruji lilikuwa limejaa hadi kwenye beseni la mtoto. Ukuta ulikuwa umefunguliwa mfereji mwembamba, kutoka kwenye hita hadi karibu na dari, na bomba la plastiki la kupitishia nyaya lilikuwa limekatwa. Mama alisimama mlangoni mwa bafu kwa muda, kisha akavua viatu, akaingia. Alikuwa amekuja na risiti yake ndani ya mfuko wa plastiki. Aliifungua, akaisoma kwa sauti: waya wa nne, roli moja, tarehe, muhuri wa duka. Fundi akamvutia nyaya zilizomo. Mbili tu, nyembamba, za kahawia na buluu. Ya kijani yenye mstari wa njano haikuwepo.

"Aliyenijengea alisema umeisha wote," mama alisema. "Nilimwongezea na pesa ya roli la pili."

Hakuna aliyejibu. Mpangaji, aliyekuwa ametoka zamu bila kulala, alimletea kigoda. Hakukaa. Alikunja risiti, akaitia kifuani, akapitisha mkono ukutani, juu ya tailizi, pale ambapo nyaya zilikuwa zimepita.

"Na vyumba vile vitatu?" fundi aliuliza. "Vilifanywa na nani?"

"Ni huyohuyo."

"Vyote vina hita?"

Mama alikuwa ameshatoka nje, anavaa viatu. Alielekea mlango wa kwanza, akapiga hodi.